Kesho Usiliwashe

Mwanangu, hii ni mara ya tatu unaniletea Corolla hiyo saa nne, injini imeshapata moto, halafu unaniambia alfajiri iligoma. Ugonjwa wa baridi nitauonaje kwenye gari lenye joto? Hapa Njombe mwezi wa Juni unajitokeza saa kumi na mbili, wala haungoji umalize chai.

Na namba za hitilafu umezifuta tena. Umechomoa fyuzi ya EFI, taa ya injini ikazimika, ukaona umetibu. Nimekuomba mara ngapi uziandike kwanza? Gari la 1994 halina haja ya mashine ya kusomea. Fungua kile kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS chini ya boneti, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, kisha hesabu taa inavyopepesa. Mara mbili, inatulia, mbili tena: hiyo ni 22, sensa ya joto la maji.

Sasa nisikilize vizuri. 22 haijasema ununue sensa. Imesema njia ya umeme ya sensa hiyo imekatika au nyaya zimegusana. Huenda soketi imeshika kutu, huenda panya ametafuna waya. Kompyuta ya injini ikikosa habari hukadiria kwamba maji yako nyuzi 80, basi injini baridi inanyimwa petroli inayoihitaji. Unapiga stata mpaka betri inalegea, na mchana gari linaonekana zima.

Tena sensa inayodanganya kidogo haiwashi taa kabisa. Ndiyo maana nakusumbua ushike mita. Maji yakiwa nyuzi 20, sensa nzima husoma kama omu 2,000 hadi 3,000. Yakifika 80, omu 300 hivi. Ukikuta 300 alfajiri, umemkamata mwongo.

Ile sensa ya oksijeni uliyonunua kwa fedha ya ada ya mtoto iliniuma sana. Injini ikiwa baridi kompyuta haiisikilizi hata kidogo. Ungeniuliza, mwanangu. Sijachoka kuulizwa, nimechoka kuona mnavyopoteza fedha.

Leo gari lilale hapa, funguo nipe mimi. Kesho njoo kabla ya jua, uvae koti. Tutasafisha vichwa vya betri kwanza, halafu utapima sensa wewe mwenyewe, mimi nikishika tochi.