Mkatoliki wa Butiama na Dhambi ya Mfumo

Oktoba 1970, huko Maryknoll, katika jimbo la New York, Rais Julius Nyerere wa Tanzania aliwaambia masista wa Maryknoll jambo zito: Kanisa lisiposhiriki katika uasi dhidi ya mifumo inayowaweka watu katika ufukara, litapoteza maana na litastahili kufa. Masista hao hawakuwa wageni kwake. Wamisionari wa Maryknoll walikuwa wakihudumu Musoma tangu miaka ya 1940.

Naye hakuwa mtu wa nje akilitupia Kanisa mawe. Alibatizwa Nyegina, nje kidogo ya Musoma, tarehe 23 Desemba 1943. Miaka tisa kabla ya hapo, mwana huyu wa Mtemi Nyerere Burito alitoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, mjini Musoma. Kwa hiyo hoja ya New York ilikuwa na mizizi mkoani Mara: maskini aliowazungumzia ni watu aliowajua kwa majina, na padri anayemwambia mkulima avumilie tu, huku jasho lake likiliwa na wengine, alimwona kuwa anashiriki kosa.

Je, huo si Umaksi? Nyerere alikataa. Katika andiko lake la Ujamaa la 1962 alipinga wazo kwamba ujamaa lazima uzaliwe na vita vya matabaka. Mwaka 1968, katika utangulizi wa Uhuru na Ujamaa, aliwaonya wanaovishika vitabu vya Marx kama Msahafu. Lakini chuki yake dhidi ya unyonyaji ilikuwa ileile, na Azimio la Arusha la Februari 1967 liliipa meno: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asipangishe nyumba. Ni mahubiri machache sana yaliyowahi kumbana mkubwa namna hiyo mfukoni.

Wamaksi wa Tanzania hawakuridhika. Issa Shivji, katika kitabu chake cha 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka, aliona kwamba walioshika dola nao wamekuwa tabaka, lenye maslahi yake mbali na ya wakulima na wafanyakazi. Hoja hiyo ilimgusa Nyerere penye udhaifu, kwa sababu yeye alikemea dhambi ya mfumo bila kueleza vya kutosha mnyonge afanye nini pale mfumo wenyewe unapokuwa serikali yake.

Jibu la vitendo lilikuwa chungu. Kule Litowa, Ruvuma, wanavijiji walikuwa wamejenga ujamaa wao kwa hiari, na shule yao na maamuzi yao wenyewe. Septemba 1969 TANU, chama cha Nyerere, iliuvunja ushirika wao. Novemba 1973 Nyerere akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na mwaka uliofuata Mara ikapata operesheni yake. Watu waliondolewa kwenye maboma ya wazee wao, mbali na mashamba yao. Katika baadhi ya sehemu za nchi nyumba zilichomwa ili wasirudi. Nia ilikuwa kuwafikishia shule, zahanati na maji, na vingi kati ya hivyo vilifika kweli. Lakini mama aliyesukumwa kwenye lori pamoja na vyungu vyake hakuulizwa.

Hapo ndipo hotuba ya 1970 inapaswa kusomwa upya, safari hii ikimkabili aliyeitoa. Kama mwamini ana wajibu wa kupinga mfumo unaomdhalilisha mtu, wajibu huo haukomi siku chama chake kinaposhika dola. Wapo waliojaribu njia nyingine: Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alihamia kijiji cha ujamaa na kuishi na wanakijiji. Huo ni upinzani wa aina yake kwa cheo na starehe, na haukumlazimisha mtu yeyote.

Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza Nyerere mwenyeheri, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Masharti ya uongozi ya Arusha yanastahili kupimwa humo kama tendo la imani. Yaliondolewa na chama chake huko Zanzibar mwaka 1991, naye akiwa amekwisha kung'atuka. Amri ya 1973 nayo ipimwe humohumo, kwa sauti za waliohamishwa, ambao watoto na wajukuu wao bado wanalima Butiama na Bunda.