Nyumba ya Pwani na Msingi Wake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na akaiwekea bahari mpaka wake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), aliyekaa katika vyumba vya matofali ya udongo na makuti ya mtende, ilhali angalitaka angalijengewa majumba. Imepokewa kwa al-Hasan al-Basri kwamba katika ujana wake alikuwa akiingia katika vyumba hivyo, na mkono wake ukaigusa dari.

Ama baada ya hayo. Imekuwa mashuhuri katika miji ya pwani, tangu Lamu mpaka Kilwa, kwamba mtu aliyejaaliwa mali hutafuta kiwanja ukingoni mwa bahari, akajijengea nyumba ya fahari kwa shauri lake mwenyewe: madirisha yaielekee bahari, ghorofa zipate upepo wa kusi na kaskazi, na mlango uwe wa nakshi asiokuwa nao mwingine mtaani. Yapasa Muislamu aijue hukumu ya jambo hili kabla ya kulipa fundi, si baada yake.

Kujenga nyumba njema si haramu. Katika Sura ya An-Nahl Mwenyiezi Mungu amezihisabu nyumba kuwa ni katika neema zake, kwa kuwa amezifanya mahali pa utulivu. Na Mtume (s.a.w.) ameitaja nyumba yenye nafasi katika mambo ya furaha ya mtu, pamoja na mke mwema, jirani mwema na mnyama mzuri wa kupanda. Basi anayesema kuwa uchaji Mungu ni kukaa katika kibanda kinachovuja, amesema lisilokuwamo katika sheria.

Lakini kuna kujenga kwa haja na kuna kujenga kwa kujiona. Katika Sura ya Ash-Shu'araa imesimuliwa jinsi Nabii Hud alivyowalaumu watu wa Adi, waliojenga alama za upuuzi juu ya kila kilima na wakafanya majumba kama kwamba watadumu ndani yake. Na amepokea Abu Daud kwa Anas kwamba Mtume (s.a.w.) aliona kuba iliyoinuka, akauliza ni ya nani. Akaambiwa ni ya fulani katika Ansari. Mwenye kuba alipokuja akatoa salamu, Mtume akampa kisogo. Yule mtu alipoijua sababu, hakutafuta hoja wala udhuru, bali alirudi akaibomoa mpaka akaisawazisha na ardhi. Wanavyuoni wameeleza kwamba makemeo haya ni juu ya kile kinachozidi haja.

Na pwani hii ina mashahidi wake wa mawe. Kilwa Kisiwani, juu ya jabali linaloitazama bahari, yapo magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa katika karne ya 14 katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na hodhi ya kuogea yenye pembe nane, na lilihamwa hata kabla ya kumalizwa. Leo halina dari, wala hapana mtu atajaye aliyelala katika chumba gani.

Lakini jambo moja la Sultani huyo halikuanguka. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akaandika kwamba watu walimwita Abu'l-Mawahib, yaani mwingi wa kutoa. Siku ya Ijumaa, Sultani alipokuwa akitoka msikitini kurudi nyumbani kwake, fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha akamwomba nguo alizozivaa. Akakubali. Fakiri akataka apewe saa ile ile. Sultani akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akabadili nguo zake na akampa. Basi jumba la mawe limekuwa gofu, na nguo zilizotolewa kwa ajili ya Mungu zingali zikitajwa baada ya karne saba. Na azingatie mwenye akili ni lipi katika mawili hayo lililojengwa kwa uimara zaidi.

Kadhalika Unguja. Sayyid Barghash bin Said alijenga kasri ya Maruhubi ufukweni, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1899 ikaungua, na kilichobakia ni nguzo zake na mabirika. Hayo hayakutajwa kwa kuwadharau waliotangulia, kwani wao wamekwisha kufika kwa Mola wao. Yametajwa ili aliye hai ajue kwamba hapana chokaa inayozuia ajali.

Basi ikiwa nyumba yoyote ya mawe itaanguka, ni lipi la kuangaliwa? La kuangaliwa ni msingi, wala si msingi wa zege bali ni msingi wa haki. Katika Sura ya At-Tawba Mwenyiezi Mungu amepiga mfano wa mtu aliyeweka jengo lake ukingoni mwa genge linalomomonyoka, likaporomoka naye katika Moto. Mfano huu waufahamu watu wa pwani kuliko wengine, kwa kuwa wanaliona wimbi likila ardhi kila mwaka.

Haki ya kwanza ni ya kiwanja. Viwanja vingi vya pwani vilikuwa mashamba ya minazi yaliyoachwa na wazee. Mara nyingi huuza ndugu wa kiume, na dada zao hawaulizwi, au hupewa vijisenti vya kuwanyamazisha kisha ikasemwa wameridhika. Na ilhali katika Sura ya An-Nisaa Mwenyiezi Mungu amewawekea wanawake fungu lao katika mirathi, iwe mali kidogo au nyingi, nalo ni fungu la faradhi, si hisani ya kaka. Na kiwanja kingine ni cha wakfu, kilichowekwa kwa msikiti au kwa maskini, kikauzwa na asiyekimiliki. Mnunuzi asiyeuliza asidhani amesalimika. Imethubutu katika Bukhari na Muslim kwamba mwenye kuchukua ardhi kwa dhulma, ingawa ni kadiri ya shibiri moja, atavikwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiama. Basi atavikwa nini aliyechukua shamba zima la yatima na mjane?

Haki ya pili ni ya mafundi na vibarua. Mtume (s.a.w.) ameamrisha mwenye kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Lakini hupatikana mtu anayelipa marumaru ya kutoka ng'ambo siku ile ile, na mbeba mawe akamwambia njoo kesho, na kesho, hata akachoka kuja. Marumaru hayatamshitaki mbele ya Mungu, kibarua atamshitaki.

Haki ya tatu ni ya njia na ya ufuko. Wavuvi wana njia zao walizozipita tangu babu zao, za kushukia ngalawani na kupandishia samaki. Na wanawake wana njia zao za kwendea pwani maji yakitoka. Anayejenga ukuta akaziba njia hiyo, na akajue kwamba Mtume (s.a.w.) amefanya kuondoa udhia njiani kuwa ni tawi la imani. Ikiwa kuuondoa ni imani, kuuweka ni nini? Tena mwenye kukata mikoko ili apate kuiona bahari, ameondoa mizizi iliyokuwa ikishika udongo na kuvunja nguvu ya mawimbi. Na mwenye kujenga ukuta mbele ya maji makuu, wimbi hurudi kwa kishindo likachukua mchanga chini ya ukuta, kisha likala kiwanja cha jirani yake. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imekataza kazi za namna ya kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa bahari. Lakini Muislamu alikuwa na amri kabla ya hiyo: hapana kudhuru wala kudhuriana.

Haki ya nne ni ya jirani. Amepokea Bukhari kwamba jirani asimzuie jirani yake kutia boriti katika ukuta wake. Wazee waliofuata adabu hii waliziwekea nyumba zao za mawe baraza nje ya mlango, mpita njia akapata kivuli na mgeni akapata pa kukaa. Leo baraza imeondolewa, na juu ya ukuta vimepandwa vipande vya chupa.

Na haki ya tano ni ya deni na zaka. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari chache asiyeacha cha kulilipa, akakataa kumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile. Huyo alikuwa fukara. Itakuwaje kwa mwenye ghorofa, aliyelala akisikiliza mawimbi ilhali mwenye kumdai analala na njaa, na zaka yake ya miaka haijatoka?

Basi mwenye kutaka kujenga na ajenge. Lakini kabla ya jiwe la kwanza, na awaite dada zake awaulize mbele ya kadhi, na amwulize mvuvi njia yake, na alipe wanaomdai. Akikuta haki ya mtu, na airudishe, ijapokuwa kwa kubomoa kama alivyobomoa yule Ansari. Kisha na aweke baraza. Kwani mlango ule wa nakshi, alioingia kwa furaha, ndio atakaotolewa akiwa juu ya jeneza, na wa kwanza kumsemea au kumshitaki ni wale waliokuwa nje yake.

Mwenyiezi Mungu awajaalie Waislamu nyumba zenye haki duniani, na nyumba isiyobomoka Akhera. Amin.