Kalibu, Samli na Hamira

Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji. Methali hii tumeizoea katika malezi ya watoto. Leo naihamishia jikoni, kisha katika ushairi, kwani swali ni lile lile: je, mtu akiingia katika umbo lililochongwa na mwingine, hupoteza uhuru wake?

Tumchukulie mpishi aliyezaliwa Unguja akawa anaishi Musoma, ufukoni mwa Ziwa Viktoria. Ataka kuoka vileja katika kalibu ya udongo uliochomwa, yenye nakshi ya ua ndani yake. Kwanza huipaka samli mpaka ndani ya mistari ya nakshi, hunyunyiza unga, kisha hushindilia donge la unga wa mchele, samli, mayai, sukari na hiliki. Likishaiva hulipumzisha kidogo, ndipo akaipindua kalibu. Na ua likatokea. Lakini siku atakayotia hamira, donge litafura na nakshi itafutika. Hapo hamira haina kosa, maana mkate wa kumimina haunogi bila yake. Wala kalibu haina kosa. Aliyekosa ni mpishi, aliyetaka kufura na nakshi kwa wakati mmoja.

Kutoka Musoma hadi Butiama si mbali. Huko ndiko alikozaliwa Julius Nyerere mwaka 1922, na lugha aliyoinyonya kwa mama yake ni Kizanaki. Hata hivyo, alipotaka kuzisimulia Injili kwa Kiswahili, katika vitabu vilivyochapwa mwaka 1996, alichagua utenzi, kalibu iliyochongwa Pwani na washairi Waislamu karne nyingi kabla yake. Mzanaki hakupungukiwa Uzanaki, Mkristo hakupungukiwa imani, na utenzi ukabaki utenzi.

Ukirudi Bunda na kushika njia ya Kisorya, utafikia kivuko cha kwenda Ukerewe, kisiwa alikozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Yeye, katika diwani yake *Kichomi* ya mwaka 1974, aliviacha vina na mizani, na wengi wakamlaumu kwamba ameuvunja ushairi. Kwa mizani ya jikoni, naona alilijua donge lake: lilikuwa na hamira, akaliacha lifure. Mkate wa namna hiyo hauna nakshi ya kuuficha. Usipoiva, kila mlaji ataujua.

Basi watu wawili wa ziwa moja walichagua njia mbili, na kila mmoja alikuwa huru, kwa kuwa alijua anachokioka kabla hajachagua chombo.

Lawama iliyobaki natujumuisha nayo sisi wa Pwani. Mara nyingi tumeilinda kalibu kuliko kileja. Shairi likitimia vina na mizani hulipigia makofi, wala hatuulizi samli iko wapi. Na akija mgeni kuiazima kalibu, humtazama mikono kwanza. Huo ni uchoyo uliovaa kanzu ya heshima. Kalibu inayotunzwa kabatini isije ikavunjika haimlishi mtu. Nayo ikienda bara, ikarudi na ua zima lisilomeguka hata jani, aliyeichonga amepungukiwa na nini?