Aliye na Njaa Afunge Nini?



Kila Kwaresima swali hili hurudi, nalo huulizwa kwa sauti ya chini baada ya Misa: mtu ambaye sufuria yake ni tupu tangu Januari, Kanisa linamtaka afunge nini?

Tulilisikia mwaka 2008. Sisi tuliovuka mpaka Malaba na Busia kwa ajili ya ghasia za uchaguzi wa Kenya tulikuwa kwenye mahema ya Mulanda, wilaya ya Tororo, jirani na Mbale. Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 6 Februari. Nyumba zetu zilikuwa zimegeuka majivu wiki chache tu nyuma, na sasa tunaitwa mbele tupakwe majivu mengine! Baadhi yetu walibaki wameketi. Hatuwalaumu.

Baadaye wengi walihamishiwa Kiryandongo, wengine wakatafuta riziki Jinja na Mbale. Swali likahama nasi. Aprili 2020 mgao wa WFP kwa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2021 ukapunguzwa tena.

Tunasema wazi: njaa si mfungo. Anayefunga ana chakula na anakiacha kwa hiari. Mwenye njaa hakuulizwa. Kumwambia mama anayenyonyesha, aliyelala bila uji, kwamba tayari amemtolea Mungu sadaka, ni kumfanya Mungu mshirika wa njaa yake. Sheria ya Kanisa Katoliki yenyewe haimdai mfungo aliye chini ya miaka 18 wala aliyefikisha 59, na wagonjwa na wajawazito husamehewa. Naye nabii Isaya, sura ya 58, anawageukia waliofunga huku wakiwakandamiza wafanyakazi wao, anawaambia wamgawie mwenye njaa chakula. Basi sura hiyo inawahusu wenye maduka makubwa ya Jinja kabla ya kutuhusu sisi. (Nasi pia, siku tukipata.)

Lakini je, maskini hana kabisa cha kuacha? Hapo ndipo pagumu. Tunacho kitu ambacho hakuna mgao uliowahi kukipunguza, nacho ni kinyongo. Kwenye foleni ya maji tumesimama na watu wa kabila la waliotuchomea, nao wamekimbia kama sisi, na tumewanyima salamu. Kinyongo hicho tumekilisha vizuri kuliko watoto wetu.

Mama mmoja wa kwetu anayeuza mboga Mbale alitupinga. Alisema, "Nikiacha kinyongo, si nitakuwa nimewaachia na shamba langu?" Ana sababu. Kesi za The Hague za viongozi zilikwisha mwaka 2016 bila hata mmoja wao kutiwa hatiani. Tulimjibu kwamba kusamehe si kufuta madai: mtu aweza kudai shamba lake na kutoa ushahidi pasipo kumtakia mtoto wa jirani mabaya. Tunakiri kwamba ziko siku madai na kinyongo hutoka kwa mdomo mmoja, na mwenyewe hajui ni kipi kimesema.

Hakuridhika. Ijumaa iliyofuata alikuja kwenye Njia ya Msalaba, akaketi benchi la nyuma karibu na wale asiowasalimu, na hati ya shamba imo kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mkoba wake.