Ni Nani Aliyemfanya Mbwa Kuwa Bubu?

Soma: Isaya 56:9-12, 1 Samweli 25:2-35

Katika Isaya 56 Mungu anawalaumu walinzi wa watu wake, na anawafananisha na mbwa bubu wanaopenda usingizi. Tukihubiri andiko hili huwa tunamkemea mlinzi aliyenyamaza, na ni haki, kwa maana kubweka ndiyo kazi yake. Lakini wiki hii nataka tuulize swali lingine, hasa sisi tunaosimamia wengine kazini. Je, mbwa huyo alizaliwa bubu? Na kama kuna mtu aliyemnyamazisha, huyo naye ana hatia gani mbele za Mungu?

Kwetu nyumbani tunaishi na mbwa anaitwa Simba. Alikuja akiwa mkubwa, kutoka boma ambako alikuwa akichapwa kila alipobweka usiku. Miezi ya kwanza hakutoa sauti. Mgeni akifungua geti, Simba analala chini, mkia katikati ya miguu. Wageni walimsifu, "Huyu mbwa ana adabu!" Kisha usiku mmoja wezi wakaingia, wakabeba kuku wote saba. Simba alikuwa hapo hapo karibu na kibanda, na hakubweka hata mara moja. Alikuwa amefundishwa kwamba ukisema, utaumia.

Adabu ya namna hiyo nimeiona kazini pia. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, dereva alimwambia msimamizi kwamba breki za lori hazishiki vizuri. Akajibiwa mbele ya wenzake, "Kama gari limekushinda, acha funguo mezani. Wako wengi huko nje wanatafuta kazi." Tangu siku hiyo mikutano yetu ilikuwa mifupi sana. "Kuna swali?" Hakuna. "Kuna shida?" Hakuna, mkubwa. Msimamizi alifurahi akidhani ana timu yenye nidhamu. Wakati huo bidhaa zilikuwa zinatoka stoo kila wiki kwa mlango wa nyuma. Sisi sote tulijua, ila yeye.

Tena, mtu akishanyamazishwa, hafungui mdomo kwa sababu tu umemruhusu. Mwaka wa 1967 watafiti wawili wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walichapisha utafiti uliofanywa kwa mbwa. Baadhi ya mbwa hao walikuwa wamepigwa shoti za umeme ambazo hawangeweza kuzizuia kwa njia yoyote. Baadaye waliwekwa mahali ambapo wangeruka kizuizi kifupi tu na kuwa salama. Wengi wao hawakujaribu. Walilala chini, wakalia, wakavumilia maumivu, na njia iko wazi. Ilikuwa kazi ya kikatili, lakini kuna jambo la kujifunza katika yale yaliyofuata. Kuwaita na kuwaonyesha chakula upande wa pili hakukusaidia. Ilibidi wavutwe kwa kamba hadi ng'ambo, tena na tena, ndipo wakaanza kuruka wenyewe.

Kwa hivyo bosi anayetangaza kwamba mlango wake uko wazi bado hajafanya kitu. Simba alianza kubweka baada ya miezi mingi. Kila alipoguna kidogo usiku, tulitoka na tochi, tukaangalia, tukampapasa kichwa, tukarudi kulala. Mara nyingi ilikuwa paka tu, ama mlevi anayepita zake. Bado tulitoka. Ukimwadhibu mbwa kwa sababu ya paka, usimtarajie siku ya mwizi.

Biblia inatuonyesha nyumba iliyokuwa na viongozi wa aina zote mbili. Nabali alimtukana Daudi bila sababu, na Daudi akapanda na watu 400 wenye panga. Mtumishi mmoja aliona hatari inakuja, lakini hakwenda kwa Nabali. Sababu yake imeandikwa: bwana wake alikuwa mtu asiyeweza kuzungumzishwa. Akaenda kwa Abigaili. Mama huyu hakumwuliza, "Wewe ni nani wa kumsema mume wangu?" Alisikia, akaharakisha, na wanaume wa nyumba ile wakaepuka upanga. Waliponea sikio la mtu mmoja.

Mtu atauliza, basi kiongozi asikemee? Akemee. Simba akimkimbiza mtoto wa jirani, ataonywa vikali siku hiyo hiyo. Kuna tofauti kati ya kurekebisha kosa na kumwadhibu aliyeleta habari ya kosa. Mfanyakazi mzembe aonywe. Yule anayekuja kukuambia breki ni mbovu amekufanyia kazi yako.

Najua pia kwamba kwetu kumwita mtu mbwa ni tusi, na mfano huu una mwisho wake. Mbwa aliyechapwa hatatoa hesabu kwa Mungu. Mwanadamu atatoa. Ezekieli 33 inasema mlinzi asiyepiga tarumbeta atadaiwa damu, na hakuna mahali panaposema anasamehewa kwa kuwa bosi alikuwa mkali. Kwa hivyo sisi tuliojua habari ya mlango wa nyuma tulikuwa na deni letu. Lakini naamini aliyewavunjia walinzi tarumbeta ana deni kubwa zaidi, kwa maana alipewa mamlaka ili walio chini yake wawe salama.

Wiki hii, kama una watu chini yako, hata kama ni dada mmoja anayekusaidia nyumbani, jiulize: mara ya mwisho aliponiletea habari mbaya ni lini? Kama hukumbuki, usikimbilie kumshukuru Mungu kwamba mambo ni shwari. Nenda umwulize jambo moja dogo, usikilize hadi mwisho, kisha ulifanyie kazi akiona.

Tuombe: Bwana, utupe masikio ya Abigaili katika kazi za mikono yetu. Wale tuliowekewa chini yetu wasituogope kiasi cha kutuficha hatari. Na sisi tulio chini ya wengine, utupe ujasiri wa kusema kweli kwa upole. Katika jina la Yesu. Amina.