Ubaguzi Uliofutwa Arafa

 

Ndugu zangu katika imani, kabla ya Uislamu Makureshi walikuwa na utaratibu wao katika Hija. Mahujaji wengine walisimama Arafa. Wao, waliojiita Hums, waliishia Muzdalifa, wasitoke nje ya mipaka ya Haram. Hapakuwa na tusi wala kofi. Ilikuwa desturi, imezoeleka hata ikadhaniwa ni dini. Allah akaifuta: katika aya ya 199 ya Surat al-Baqara akawaamrisha wamiminike kutoka pale wanapomiminika watu wote, na amri hiyo akaifuatishia istighfari. Mtume Muhammad (s.a.w.), Mkureshi wa damu, akasimama Arafa pamoja na umma wake.

Baadhi yetu hudhani ubaguzi ni matusi ya rangi na kabila peke yake, na ulimi ukisafika tumesalimika. La. Uko ubaguzi uliojificha ndani ya taratibu: sharti linalowabana hawa na kuwaacha wale. Huo hauhitaji mtu mwenye chuki; hutosha mgonga muhuri asiyeuliza. Naye ataulizwa Siku ya Kiyama.

Tazameni Wanubi wa Kibera, Nairobi. Wazee wao walikuwa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza, wakakaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Vizazi vikapita, na bado kijana wao akifika miaka 18 na kuomba kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati kupigwa msasa, akitakiwa karatasi za babu yake, huku jirani yake wa kabila jingine akijaza fomu na kwenda zake. Asiye na kitambulisho hapigi kura, hafungui akaunti ya benki, haajiriwi kazi ya maana. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi. Mwaka 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288 za Kibera. Na Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa msasa wa ziada kama huo kwa wananchi wa kaunti za mpakani. Haki hizi zilidaiwa. Hazikuja kwa kunyamaza.

Lakini tukiilaumu serikali, tujitazame na sisi. Ni posa ngapi zimekataliwa, dini na tabia za kijana zikiwa zimeridhiwa, kwa kuwa babu wa babu yake alikuwa mtumwa? Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Sisi tunauendeleza majumbani kwa hoja ya ukoo. Ni kamati ngapi za misikiti zinarithiwa na familia zilezile, na yule tunayemwita wa kuja, aliyehifadhi Qur'ani, akaachiwa ufagio na birika la udhu?

Mtume (s.a.w.) hakuishia kwenye maneno mazuri. Siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, alimwamuru Bilal, mwenye asili ya Uhabeshi aliyewahi kuwa mtumwa, apande juu ya Al-Kaaba aadhini mbele ya mabwana wa jana. Usama, mtoto wa Ummu Ayman Mhabeshi na Zayd, mtumwa aliyeachwa huru, alipewa uamiri wa jeshi kabla hajatimiza miaka 20, na wakubwa wa masahaba wakawa chini yake. Watu waliponung'unika, Mtume alimtetea hadharani. Usawa wa Uislamu ni kumpa mtu nafasi anayoistahiki, wenyewe wapende wasipende.

Aya ya 135 ya Surat an-Nisaa inatutaka tusimamie haki hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Basi wewe uliyepewa ofisi, yapitie masharti unayoyatekeleza, na lenye kubagua lipinge. Wewe mzazi, ukiletewa posa uliza dini na tabia, uache nasaba. Wanakamati, wafungulieni wenzenu mlango wa uongozi, si wa michango tu. Na wewe uliyedhulumiwa, dai haki yako bila kumdhulumu mwingine.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliowabagua waja wako, na utujaalie kuwarudishia haki zao tukiwa hai. Amin.