Hongo, Matabishi na Musafiri wa Peke Yake

Kuko neno moja lililotembea kuliko watu wengi: hongo. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wakilisema leo wanataka kusema feza za kufunga macho ya mukubwa, kile sisi hapa Lubumbashi tunaita matabishi. Lakini mu karne ya 19, wakati misafara ilikuwa inatoka Bagamoyo kuingia bara, hongo haikuwa kitu cha kuficha. Ilikuwa malipo ya njia. Musafara ukifika mu inchi ya Wagogo unasimama, unatuma watu kwa mukubwa wa pale, munabishana juu ya vitambaa siku moja, mbili, hata zaidi, kisha munapita. Burton na Speke walilipa mu 1857, Stanley naye akalipa mu 1871, na walinungunika kama watu walionyanganywa.

Walinyanganywa kweli? Nauliza juu swali hili njo la kila mutu anayesafiri leo peke yake kwenda inchi za mbali, na valisi yake na paspoti yake, anayepita meza moja kisha ingine mu uwanja wa ndege, na sauti inamuambia polepole: "Mama, unatuacha tu vile? Hata ya sukre?"

Ugogo ni inchi kavu. Visima walichimba wenyeji kwa mikono yao, na musafara wa watu mia tano ukinywa pale, wenyi kisima wanabaki na matope. Mwenyi kupokea hongo alikuwa anatoa kitu: maji, ruhusa ya kununua chakula, usiku bila kushambuliwa. Kupokea kulimufunga. Wakubwa wetu wa Katanga walijua sheria ile ile: anayepokea mulambu, kama Waluba wanavyosema, anapokea pia muzigo wa mutu aliyeuleta. Musafiri akiumizwa mu inchi yako kisha wewe kula kitu chake, haya ni yako.

Angalia Bunkeya. Mu 1886 mumisionere Arnot alipofika kwa Msiri, hakufunguliwa mulango mara moja. Alingoja, na waganga wakachunguza kwanza kama moyo wake ni muzuri. (Unaona, hata uchunguzi wa usalama si kitu cha leo.) Lakini kisha kuchunguzwa alipewa fasi ya kukaa, akakaa miaka miwili.

Nisiseme kale yote ilikuwa asali. Wafanya biashara wawili kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walioanza njia mu 1802, walizuiliwa kwa Kazembe, kule Luapula, karibu miaka mine. Mutu anayelia juu ya saa tano za kungoja ndege Addis Abeba akumbuke wale wawili.

Sasa matabishi. Neno hili nalo ni musafiri: ni la Kireno, mata-bicho, maana yake "kuua mududu", ni kusema kale kapombe ka asubuhi kabla ya kazi. Mu mudomo wetu likawa kitu kidogo unachomupa mutu juu ya mushahara wake, kwa kumushukuru. Kumbuka vizuri: kwa kumushukuru, kisha kazi. Leo inaombwa mbele ya kazi, na mara nyingi kazi yenyewe ni kukuacha tu upite na haki yako. Kitu kiligeuka pale. Mukono unapokea, lakini haufungwe na kitu. Yule aliyekula dola zako tano ku meza ya kwanza hakujue tena ku meza ya pili, na ndege ikikuacha hatakutafutia fasi ya kulala.

Wengine wanachanganya hii na malipo yote. Hapana. Mu 2009 serikali ilileta Go-Pass, dola 50 kwa safari ya inje na dola 10 kwa ya ndani, ili viwanja vitengenezwe. Watu walilia juu ya bei, na walikuwa na sababu. Hata hivi ilikuwa bei iliyoandikwa, sawa kwa wote, na karatasi mukononi. Unaweza kuuliza siku moja feza zile zilijenga nini. Dola tano za sukre hauwezi kuuliza chochote.

Na hapa tusiweke musafiri wote mu kikapo kimoja. Mama mwenyi karatasi zote sawa, anayetoa feza juu ndege inaenda na anaogopa kubaki, huyu kwangu hakuhonga mutu. Alinyanganywa, na kumuhubiria ni kumuongezea pigo. Lakini kuko anayelipa ili apewe karata ya manjano bila sindano. Huyu ni mambo ingine kabisa. Mu 2016 homa ya manjano ilitoka Angola, ikaingia kwetu hadi Kinshasa, ikaua watu mamia mu inchi hizi mbili. Watu kumi na moja waliibeba mu ndege kutoka Angola hadi China, ambako mbu wa kuieneza wako na watu hawana kinga. Karata ya bongo ni risasi ambayo mutu anatembea nayo bila kujua itamupiga nani. Tena mwaka ule ule, tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa sheria ya Shirika la Afya Duniani, karata ya manjano inatumika maisha yote, si miaka kumi tena. Mwenyi kujua hii hatishiki mutu akimuambia: "Papa, karata yako imekufa, tufanye namna gani?"

Namusikia muzee mumoja: "Lakini mutu wa meza naye ana watoto." Ni kweli. Mu miaka ya 1990 mushahara wa serikali ulikuwa unaliwa na bei kabla ya kufika mukononi, na Artikle 15 ililisha nyumba nyingi za muji huu, labda na ya muzee mwenyewe. Njaa inaeleza kwa nini mukono umenyooshwa. Haielezi kwa nini unanyooshwa kwa mama wa peke yake, na bwana mwenyi koti na protokole anapita akisalimiwa.

Protokole, tumuongelee kidogo. Ni yule mutu unayemulipa achukue paspoti yako, akupitishe meza zote, akuite kwa jina. Wengi wanamucheka. Mimi naona yeye njo amebaki karibu na desturi ya bankambo kuliko wote mu uwanja ule: alipokea chako, akajifunga na wewe, na protokole muzuri harudi nyumbani kabla ndege haijapaa. Ni ndugu wa saa mbili. Ubaya wake ni kwamba kila anayepitishwa mbele anasukuma nyuma mutu asiye na ndugu wa kununua.

Ku Ulaya je? Pale haombi mutu sukre, na risiti unapewa. Ni kitu kikubwa, sikidharau. Lakini viza ya siku chache ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na wakikukatalia hazirudi. Mukubwa wa Wagogo aliyekula vitambaa kisha akafunga njia angeitwa mwizi. Na kuko hii: sheria ya Umoja wa Ulaya namba 810 ya 2009 iliandika inchi kumi na mbili ambazo watu wao wanahitaji viza hata ya kubadilisha ndege tu, bila kutoka inje ya uwanja. Kongo yetu iko ndani. Ukikosa viza ao kibali kingine kinachokubaliwa, hauruhusiwi hata kukaa ku kiti ungoje ndege ya pili. Kwetu mupita njia anakaa chini ya muembe wa mutu asiyemujua, anaomba maji, na anaulizwa jina kisha kunywa.

Kisha musafiri anarudi. Anashuka Luano, anafika nyumbani, na kabla hajavua viatu tantine anauliza: "Umetuletea nini?" Sauti ni karibu ile ile ya ku meza. Vijana wengi leo wanasema ni matabishi tu, kwamba familia nayo ni duane. Siwafuati. Tantine alitoa feza ya bileti wakati viza ilipatikana, alikesha mu maombi wakati ndege ilichelewa, na kilio kikiingia kwako atalala chini siku zote. Kitambaa unachomupa kinapita mu mukono uliofungwa zamani. Lakini wako wanaotua usiku, wanalala hoteli siku mbili, wanagawa vitu kwa marafiki, ndipo wanapiga simu nyumbani kusema wamefika leo.